Jua Litapasuka Jumamosi

Wiki jana mliniacha nimeshika tama kizingitini, mume wangu amepanda stuli mbele ya duka la kinyozi, anawatangazia watu kwamba Jumamosi saa kumi, jua likianza kuinama, litapasuka. Waliokosa gazeti niwafupishie, maana mikosi yangu ni mingi na ukurasa ni mdogo.

Kiwanda cha vifaranga nilikofanya kazi kilifungwa. Kiinua mgongo changu kikawa mashine kuukuu ya kutotolesha mayai, ambayo hata bosi aliyenipa aliitazama kwa huruma. Mwezi huohuo mume wangu, fundi wa kufunga madishi ya televisheni, akateleza juu ya paa la watu. Alipona, ila mgongo na mkono wake wa kushoto havikurudi kama zamani, na paa hajapanda tena.

Mashine nikaiweka chumba cha nyuma. Wanawake wa mtaa wakaniletea mayai ya kuku wao, kila mmoja na kona yake kwenye trei na alama yake kwa penseli: huyu msalaba, huyu duara, huyu vistari viwili. Mara ya kwanza umeme ukakatika, uliporudi ukarudi na hasira, ukaunguza koili ya joto. Mayai yote yakawa viza. Tangu siku hiyo naitwa Mama Viza, na wanaoniita hivyo hawateremshi hata sauti.

Baada ya kubembeleza sana wakaniletea tena. "Mara hii ya mwisho," aliniambia jirani yangu Mama Pacha. "Tukipata viza tena, hiyo mashine ufugie sungura."

Mayai hayo yalitakiwa kuanguliwa Jumapili. Dunia ilitakiwa kwisha Jumamosi. Ratiba yangu ndivyo ilivyopangwa.

Mwanzoni nilidhani ni maneno ya simu tu, yataisha na bando. Mtu asiyepanda paa tena atafanya nini? Alikuwa akishinda na video za mabwana wanaozungumza kwa haraka: jua litatapika dhoruba, setilaiti zitaanguka, chochote kilichochomekwa kwenye umeme kitaungua, na ncha za sumaku za dunia zitahama, kaskazini iwe kusini. Mimi nilikuwa naitikia "enhe" huku nageuza mayai yangu.

Kisha akatoa dira yake, ile anayotumia kujua dishi lielekezwe wapi. Sindano haikusoma kaskazini. Leo imekosea huku, kesho imekosea kule, akigeuka nayo inayumba kama mlevi anayetafuta kwao. Watu wakaja kuiona kwa macho yao. Hata wale waliokuwa wakisema dishi la fundi limeyumba wakaanza kuniuliza pembeni kama na redio ya betri nayo izimwe.

Sasa tuendelee.

Jumamosi niliamka nikakuta nyumba kimya. Friji limechomolewa. Televisheni imechomolewa. Pasi, ambayo hata haikuwa imechomekwa, waya wake umefungwa fundo. Simu zetu zote zilikuwa ndani ya sufuria, mfuniko juu, na jiwe juu ya mfuniko.

"Jiwe la nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Mawimbi."

"Mawimbi ya jua yanaogopa jiwe?"

Alikuwa mlangoni mwa chumba cha nyuma, anaitazama mashine. Nikapenya katikati yake na mlango, nikasimama pale kama askari wa benki.

"Hii haiguswi," nikasema.

"Najua."

"Wamo ndani wanajitayarisha kutoka. Mlango sifungui hata kuchungulia, unyevu ukitoroka utando wa ndani ya ganda unakauka, kifaranga ananaswa humohumo. Ukizima leo, baba..."

"Nimesema najua. Iache iwake."

Wiki nzima nilikuwa nikijiandaa kwa vita hivyo. Nilikuwa nimeshatafuta maneno, mpaka yale ya kumtishia kwamba nitarudi kwetu. Mtu akajisalimisha kabla sijafunga kibwebwe. Ilinipasa nifurahi, lakini nilianza kumchunguza.

Mama mkwe, ambaye yuko kwetu tangu mwanawe aanguke, alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mboga. Hakuna kinachompita.

"Mwanangu, bangili yako iko wapi?"

"Ipo, mama."

"Ipo wapi? Mkono mtupu naouona. Ile ndiyo inayovuta maumivu. Nimekununulia ya chuma hasa, siyo bati."

"Inanibana."

"Inabana vipi na juzi nilikulegezea?"

"Nitaivaa baadaye," akasema, akatoka uani bila kututazama.

Nilitaka kumfuata. Nikakutana mlangoni na ujumbe.

Walikuwa wanawake wote wenye mayai, Mama Pacha mbele, mikono kiunoni.

"Tumekuja kwa amani," akasema.

"Anayekuja kwa amani haji na watu wote hawa."

"Mama Viza, samahani, Mama Vifaranga. Tunaomba uzime mashine kabla ya saa kumi."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Mama Pacha, umeme ulipokatika mlinisema mpaka nikaogopa kwenda dukani. Leo mnaniomba niuzime mwenyewe?"

"Ule ulikuwa umeme wa kawaida. Huu utatoka juani. Shemeji kasema chochote kilichochomekwa kinaungua, na mayai yetu yamo ndani ya kilichochomekwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tumeshaumwa, jirani."

"Shemeji yenu mwenyewe ameniambia niiache iwake."

Wakatazamana. Hilo hawakulitegemea.

"Anakupenda tu," akasema mmoja nyuma. "Anaogopa kukuudhi siku ya mwisho."

Nikaona maneno hayatanisaidia. Nikamshika Mama Pacha mkono, nikamwingiza chumba cha nyuma, nikamwambia aweke sikio kwenye ubao wa mashine. Alikataa kwanza. Kisha akaweka, akiwa bado amenuna.

Alinuna, akanuna, halafu uso ukabadilika.

"Kuna kitu kinagonga," akanong'ona.

"Enhe."

"Ni wa nani?"

"Sijui. Labda wako."

Akabaki ameinama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipoinuka, macho yalikuwa na maji, na aliyafuta haraka maana Mama Pacha hapendi kuonekana analia.

"Basi hatuzimi," akawatangazia wenzake. "Tunakaa hapahapa uani. Ila saa kumi ikifika tukaona cheche, tukaona hata moshi, kila mtu anachukua vyake. Hapo usituzuie."

Nikakubali. Ningefanyaje? Cheche sikuziamini. Niliwaogopa wao.

Mbele ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Kinyozi tumempangisha chumba cha mbele, umeme wake unapita kwenye mita yetu. Huyu kijana ana mdomo, tena ana kipaza sauti. Tangu asubuhi ametoa spika barazani, amepanga viti, na ubaoni ameandika kwa chaki NYOA KABLA YA KIAMA. Foleni ilikuwa ndefu. Watu walikuwa wanacheka, lakini nilimwona mzee mmoja ananyolewa huku anatazama juu kila mara.

"Mama mwenye nyumba," kinyozi akaniita kwa kipaza sauti ingawa nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. "Mwambie mumeo, Profesa wetu, saa kumi tunamhitaji hapa. Tutahesabu pamoja kurudi nyuma. Jua likikataa kupasuka, namnyoa kipara hadharani, bure kabisa."

Watu wakaangua kicheko. Nikacheka na mimi, kile kicheko cha kufunika jambo, nikarudi ndani.

Mama mkwe alikuwa ananisubiri jikoni. Alifunga mlango.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

"Mwanangu akiaibishwa leo hatainuka tena. Mimi ndiye niliyemzaa, namjua. Tangu aanguke alikuwa analala uso ukutani. Hali. Haogi mpaka aambiwe. Watu walipoanza kumsikiliza ndipo alipoanza hata kuchana nywele. Uongo?"

"Kweli."

"Basi mwokoe."

"Nimwokoe vipi, mama? Nikalipasue jua?"

Akasogea karibu. Ananukia mboga na mafuta ya mgongo.

"Swichi kubwa iko wapi?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Swichi kubwa iko ukuta wa nyuma, upande wa kuogea, hakuna anayeiona. Ukiishusha, nyumba nzima inazimika, na duka la kinyozi pia. Spika ingekata katikati ya kuhesabu. Mashine ya kunyolea ingekwama kichwani mwa mtu. Mtaa mzima ungepiga kelele, na mume wangu angekuwa amesema kweli.

"Kidogo tu," akasema mama mkwe. "Kisha unairudisha."

"Mama, mayai."

"Mayai hayafi kwa kidogo."

"Giza haliyaui. Kinachoyaua ni kuwaka tena. Koili ile nimeiunga mimi mwenyewe kwa kuombea. Ikizimwa na kuwashwa, sijui kama itaamka. Na hao walioko uani ni mara yao ya mwisho kuniamini."

Akawa anakunjakunja ncha ya nguo yake.

"Mayai yanatagwa kila siku, mwanangu," akasema mwishowe. "Mume wako utampata wapi mwingine?"

Ningemjibu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ningemwambia hivyo, na mwanawe si mtoto. Lakini nilikuwa nimeshaanza kumwona yeye mume wangu vile alivyokuwa kitandani, mgongo kwangu, uso ukutani, na mimi nikizungumza na shingo yake. Niliogopa kurudi kwenye shingo ile kuliko nilivyoogopa kuitwa Mama Viza. Nasema ukweli maana ukurasa huu niliuomba kwa ajili ya ukweli.

Mchana ukasogea. Nilizunguka nyumba ile kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nikaingia chumba cha nyuma, nikaweka sikio, nikasikia wanagonga. Nikaenda jikoni, nikamkuta mama mkwe ananitazama. Nikarudi kusikiliza. Nikasikia kinyozi anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili. Nikatoka uani, Mama Pacha akaniambia, "Tulia basi, unatutia wasiwasi." Tulia. Yeye ndiye aliyeleta kapu la kubebea mayai yake cheche zikitokea.

Saa kumi ilipokaribia nikapiga moyo konde. Nikachukua ndoo na taulo ili nionekane naenda kuoga, nikazunguka ukuta wa nyuma.

Mume wangu alikuwa pale.

Amesimama mbele ya swichi kubwa, mkono juu ya kisanduku chake. Nikajiona mjinga kuliko wajinga wote. Kumbe ndiyo maana asubuhi alikubali haraka vile. Alikuwa na mpango wake.

"Yaani wewe," nikasema. "Unanidanganya machoni, kumbe umepanga kunizimia huku nyuma?"

"Nizime?"

"Unafanya nini hapo basi?"

Akasogea pembeni kidogo, nikaona. Kwenye kisanduku cha swichi alikuwa ametia kufuli, lile kufuli la sanduku lake la vifaa. Kufuli limefungwa, na ufunguo anao mkononi.

"Nalinda isiguswe," akasema. "Nilijua mama atakutuma."

Ndoo ilinitoka mkononi. Ilibingirika mpaka ukutani na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Mimi nimekuja kuizima," nikasema.

"Naona. Umekuja na taulo kabisa."

"Nimekuja kuizima kwa ajili yako."

"Najua, mama."

"Na mayai yangu?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bangili ya chuma, ile ya mama yake. Kwa mkono mwingine akatoa dira.

"Tazama," akasema.

Akaweka dira kwenye kiganja cha kushoto, mkono mtupu. Sindano ikacheza kidogo, ikatulia, imeelekea kaskazini, ileile ya siku zote, upande wa kwa Mama Pacha. Kisha akaivaa bangili mkono uleule. Sindano ikashtuka, ikageuka, ikamfuata. Akasogeza mkono huku, ikaja huku. Akageuka, ikageuka naye.

"Ni ya sumaku," akasema. "Ndivyo wanavyoziuza, eti inavuta maumivu. Nimeivaa tangu nitoke hospitali, na dira naishika mkono huohuo. Siku zote hizi nawaonyesha watu dunia imehama, kumbe sindano inanifuata mimi."

"Umejua lini?"

"Juzi. Niliivua kuoga, nikaiacha kwenye beseni. Nilipotoka nikashika dira nikaona imepona."

"Na video?"

"Nikarudi kuzitazama vizuri. Ile kubwa niliyokuwa nawaonyesha watu ni ya miaka mingi iliyopita. Jumamosi yake ilishapita, na yule bwana bado anatoa video." Akajaribu kucheka. "Amehamisha tarehe tu."

Sikucheka. Niliona mtu mzima, fundi aliyefunga nusu ya madishi ya mji huu bila kukosea hata moja, ameshindwa na bangili. Nilimwonea huruma. Na papohapo nikataka kumpiga na lile taulo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka siku mbili zaidi za kuitwa fundi."

Mbele tukamsikia kinyozi: "Profesa! Saa kumi inakuita!"

Akavua bangili, akairudisha mfukoni. Ufunguo akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa vidole vyake.

"Naenda kuwaambia," akasema.

"Atakunyoa."

"Nywele zinaota."

Nilimfuata. Mama mkwe alikuwa barazani, akanitazama kwa swali. Nikatikisa kichwa. Akafumba macho.

Mtaa ulikuwa umejaa. Wanawake wangu wametoka uani, Mama Pacha na kapu lake. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, kichwa nusu kimenyolewa, kipaza sauti mkono mmoja na mashine mkono mwingine. Mume wangu akapanda stuli. Ilimchukua muda kwa sababu ya mgongo, na hakuna aliyemsaidia.

"Tuhesabu, Profesa?" kinyozi akauliza.

"Usihesabu. Nina neno."

"Neno la mwisho la dunia, wapendwa. Kimya."

Mume wangu akainua dira, akaishusha. Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Jamani," akasema. "Mimi niliwaambia kwamba leo..."

Spika ikakata.

Mlio wake wa chini, ule tulioanza kuuzoea tangu asubuhi, ulizimika. Mashine ya kunyolea ikanyamaza juu ya kichwa cha yule mteja. Ng'ambo ya barabara, redio ya fundi viatu ikanyamaza. Mashine ya kusaga mahindi ya kona ya pili ikashuka sauti taratibu, ikafa. Mtaa mzima, kote ambako mtu angeweza kusikia, hakukuwa na kitu kinachowaka.

Nikafungua kiganja. Ufunguo ulikuwamo.

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Walimtazama tu mume wangu, mdomo wazi, kisha wakatazama jua, ambalo lilikuwa palepale. Yule mzee aliyenyolewa asubuhi akaketi chini barabarani, taratibu, na suruali yake safi.

Halafu Mama Pacha akasema, "Mayai."

Nilikimbia, lakini waliokuwa karibu na mlango walikuwa wao. Nilipofika chumba cha nyuma walikuwa wamekwisha kuufungua mlango wa mashine, ule mlango ambao mimi mwenyewe nilikuwa naogopa hata kuuegemea. Joto lote la wiki tatu lilinipita usoni likatoka nje. Mikono iliingia kwenye trei. "Msalaba ni wangu." "Vistari viwili, nipe, nipe." Wengine wakatia mayai kifuani, wengine kwenye pindo la nguo. Mama Pacha alikuwa anatia yake kapuni, moja moja, kila yai analiweka kwanza sikioni.

"Rudisheni," nikasema. "Nawaomba. Yakipoa yanakufa. Yanakufa mikononi mwenu."

"Mashine imezimika, jirani. Tuyaache yaungue?"

"Haijaungua. Umeme umekatika tu, kama siku zote."

"Kama siku zote," mmoja akanirudishia. "Saa kumi kamili, mwanamume yuko juu ya stuli, na wewe unasema kama siku zote."

Nilikuwa na ukweli wote mfukoni, na hakuna aliyeutaka. Nilijua la kufanya: mlango ufungwe, chupa za maji ya moto zizungushiwe ndani, unyevu urudi, na pengine wengi wangepona. Lakini nani angemsikiliza Mama Viza? Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye wangemtii, na mtu huyo alikuwa ametoka kuamua kusema kweli.

Alikuwa mlangoni. Nyuma yake umati, kinyozi mbele, bila kipaza sauti, rangi imemtoka.

"Fundi," kinyozi akasema, na hakusema Profesa. "Tufanye nini?"

"Shemeji," Mama Pacha akasema, kapu limekumbatiwa. "Sema lolote. Tutafanya."

Mume wangu akanitazama. Mimi ndiye niliyedhani tangu siku ya kwanza kwamba maneno yake ni ya simu. Sasa nilimtazama na kumwomba kwa macho aseme uongo, mmoja wa mwisho, uongo mkubwa kuliko yote, na aseme upesi. Kwenye trei karibu yangu lilibaki yai moja lenye duara la penseli. Ganda lake lilikuwa na ufa, na ndani ya ufa kitu kidogo kilikuwa kinasukuma.

"Maji ya moto," nikamnong'oneza. "Kwenye chupa. Na mlango ufungwe."

Aliinamisha kichwa. Niliona mkono wa kushoto unaingia mfukoni, unakaa humo kidogo, kisha unatoka. Akaweka dira kiganjani, akaiinua ili wote waone.

Sindano ikashtuka, ikageuka, ikamwelekea yeye.

Wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Mnaona," akasema. Sauti yake haikutetemeka, na hilo liliniuma. "Dhoruba ndiyo hii, inapita. Inatafuta vilivyo wazi. Mayai yote yarudi ndani, kila moja mahali pake. Mlango ufungwe. Kila mwenye jiko akachemshe maji, ayalete kwenye chupa. Hakuna kufungua mpaka mke wangu aseme. Mke wangu, siyo mimi."

Wakatii. Jamani, walitii. Mayai yalitoka vifuani na kapuni yakarudi kwenye trei, msalaba kwa msalaba, duara kwa duara, na wanawake waliokuwa wakiniita Mama Viza wakawa wananiuliza, "Hapa ni sawa? Hivi ni sawa?" Mama Pacha akawa wa kwanza kukimbilia jiko lake. Mama mkwe akawasha letu. Nikafunga mlango wa mashine kwa mikono miwili, nikaweka sikio, nikasikia kimya, kisha nikasikia kugonga kumoja, dhaifu, upande wa kushoto.

Nikainua uso nimwonyeshe mume wangu.

Alikuwa bado ameinua dira, na watu bado wameikazia macho sindano ile, wote isipokuwa mmoja. Kinyozi alikuwa amesogea karibu kabisa, rangi imeanza kumrudi. Hakuwa anatazama sindano. Alikuwa anatazama kifundo cha mkono wa mume wangu, pale shati lilipopanda.

"Fundi," akasema taratibu. "Hebu tuvulie hiyo bangili."